Kitasa Kinachopigiwa Hodi

Usiku ule nililala na kitasa mkononi. Si maneno ya kupamba. Kilikuwa kitasa kweli, cha mazoezi, nilichokinunua kwa wauza vyuma chakavu, na asubuhi yake nilikuwa na mtihani wa vitendo wa kozi ya ufundi wa vitasa. Mara ya kwanza nilishindwa. Nilivunjia kifaa ndani ya tundu la ufunguo mbele ya wanafunzi wenzangu, wote wanaume. Chuo kinaruhusu kurudia mara moja tu. Nikishindwa tena, narudi nyumbani bila cheti, na miezi mitatu ya kuamka alfajiri inakwenda na maji.

Sikuwa mvivu. Mwongozo wa chuo, ule wa kurudufu wenye picha hafifu, niliusoma hadi kurasa zikaachia pini. Video za mafundi nilizitazama mpaka simu ikapata moto. Nilijua kwamba ndani ya kitasa kuna vijiti vidogo vya shaba vimesimama safu, kila kimoja na kimo chake, na kwamba fundi hukikaza kitasa kidogo kwa mkono mmoja huku mwingine ukivinyanyua kimoja kimoja. Kichwani yote yapo. Tatizo langu ni mkono. Mwalimu Kessy kila siku ananiambia, "Zuhura, unapigana nacho. Achia uanze upya," nami naitika vizuri, kisha nakaza zaidi. Haraka nimezaliwa nayo. Mama anasema hata tumboni sikumaliza miezi tisa.

Basi usingizi ukanichukua. Nikajiona niko karakana, mchana wa jua kali, mbele ya ule mlango wa mtihani uliosimamishwa katikati ya chumba bila ukuta wala nyumba. Kwenye kiti changu amekaa Bibi Mwanahawa, mama mzaa baba, aliyetutoka miaka saba iliyopita. Tunaambiwa ukiota marehemu anakuita, usimfuate. Lakini Bibi hakuniita popote. Alikuwa amekalia kiti changu tu, anachagua mchele kwenye ungo, utadhani karakana nzima ni ua wake.

Niliona aibu kabla ya kuona furaha. Nilipokuwa na miaka tisa niliitamani sukari iliyokuwa kwenye kabati lake, na ufunguo alikuwa ameufunga kwenye pindo la kanga. Nikachokonoa kitasa kwa chupio la nywele hadi likakatikia ndani, na kabati likabidi livunjwe mlango. Bibi hakunipiga wala hakunisema. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwa kuwa nami sikuwahi kumwomba radhi.

"Mke mwenzangu," akaniita, kwa utani wake ule ule. "Umepiga hodi?"

"Bibi, huu mlango wa mtihani. Hakuna mtu ndani."

"Umejuaje?"

Nageuka kuutazama mlango, na si ule tena. Ni kabati lake la kijani, pale pale ukumbini kwake Tanga, na harufu ya iliki imejaa. Nimepiga magoti. Mikono ni yangu ya sasa, magoti ni ya mtoto, moja lina kidonda. Wala sishangai.

Hodi. Nakigusa kijiti cha kwanza kwa ncha ya kifaa, nakinyanyua kidogo, nasubiri. Kinaitika, tik, mlio mdogo ninaousikia kwa kidole kuliko kwa sikio.

"Umeshakaribishwa," anasema Bibi. "Usiingie kwa bega."

Nalegeza mkono. Cha pili kinaitika. Cha tatu kimya. Nagusa tena, kimya. Mara ya tatu, kimya, na mkono wangu unaanza kukaza. Naujua mkono huu. Ndio uliovunja chupio.

Bibi ameweka ungo chini. Ameweka kiganja chake juu ya mkono wangu, na kina joto, kina vumbi la mchele.

"Hodi ni tatu, mjukuu wangu. Usipojibiwa, rudi nyuma, uje tena. Si aibu."

Nikaachia. Vijiti vyote vikarudi chini, kazi yangu yote ikapotea, nami badala ya kuumia nikasikia raha, raha ya mtu aliyetua mzigo. Nikaona ndiyo nafasi yangu.

"Bibi, lile kabati…"

Akacheka hadi mabega yakatikisika. "Sukari yenyewe ilikuwa imeshaingia sisimizi."

Niliamka nikicheka peke yangu. Kulikuwa kumekucha. Kitasa kilikuwa kimeanguka sakafuni, na mkono wangu, ambao siku zote huamka umekunja ngumi, ulikuwa wazi juu ya shuka. Nikamwombea dua, nikaoga, nikaenda chuoni.

Kwenye mtihani kijiti cha nne kilinikatalia. Muda ulikuwa umebaki mdogo, na wenzangu walishaanza kunyoosha shingo. Nikakigusa mara tatu, kwa upole, kisha nikaachia vyote na kuanza upya tangu cha kwanza. Nilimsikia mmoja akiguna nyuma yangu. Sikumjali. Safari ile viliitika vyote, kitasa kikazunguka, na mlango ukafunguka kabla sijausukuma.

Mwalimu Kessy aliandika kwenye karatasi yake, akaigeuza nione alichoandika: nimefaulu. Kisha akanitazama.

"Miezi mitatu nakwambia achia, huachii. Leo nani kakufundisha?"

"Mwenye kabati," nikamjibu.