Mapinduzi ya Gauni la Krismasi

Wakifungua belo la mitumba karibu yangu, ile harufu ya dawa iliyochanganyika na vumbi ikinifikia, nacheka peke yangu. Wafanyabiashara wa soko la Mabatini washanizoea, wanasema huyu mama zimefyatuka kidogo. Ngoja niwaambie kwa nini.

Miaka ya tisini tulikaa Nyakato, baba akiwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha nguo. Kitambaa kilichoharibika rangi wafanyakazi waliuziwa bei ya chee. Kwa hiyo nyumbani pazia, shuka, foronya na magauni yetu vyote vilitoka jora moja, la maua ya njano yaliyokosea pa kukaa. Nikisimama mbele ya pazia, mama ananiita, naitika, na bado hanioni. Mtaa mzima tulikuwa hivyo hivyo. Krismasi kanisani ungedhani wote ni wanakwaya.

Mwaka mmoja mitumba ikaanza kumwagika sokoni, na mimi darasa la sita nikafundishwa mapinduzi. Somo nililielewa nusu, kama masomo yangu yote, ndiyo maana niliishia kidato cha pili. Ila nilishika hili: wanyonge wakichoka, wanagoma, mfalme anakimbia. Nikawakusanya wadogo zangu wawili nyuma ya choo, tukaapa: hakuna kuchota maji mpaka nipate gauni la mtumba la Krismasi. Wao niliwaahidi pipi.

Baba aliporudi kutoka kazini alikuta ndoo zimepinduliwa, sisi tumezikalia.

"Shikamoo baba. Tumegoma."

"Marahaba. Kiongozi wenu nani?"

Wadogo zangu wakaninyooshea kidole hata hajamaliza kuuliza. Mapinduzi yangu yakaishia hapo.

"We mtoto!" mama akafoka. "Hicho kitambaa unachokikataa ndicho kinachokulisha ugali!"

Nikasubiri fimbo. Baba akacheka, akasema, "Jumamosi twende sokoni."

Sokoni nikachagua gauni la rangi ya waridi, linateleza kama kambale, lina lesi kifuani na kamba nyembamba mabegani. Baba alilishika muda mrefu. Akalifikicha kwa vidole, akageuza ndani akakagua mishono. "Hawa wanajua kufuma," akasema taratibu, akalipa.

Krismasi nilichelewa makusudi ili wanione nikiingia. Kanisa zima maua ya njano, waridi mimi peke yangu. Sista mmoja mzungu akapandisha miwani, akaziba mdomo, akamwendea baba wakanong'onezana. Nikajua tu uzuri umemzidi.

Haikufika Pasaka, kiwanda kikafunga geti. Maua yetu hayakuwa na mnunuzi tena. Hata wasichana wa mtaani, walioniona siku ile, walikuwa wameshahamia mitumba.

Nilishakuwa na watoto wangu ndipo mama aliponiambia alichonong'ona yule Sista: "Baba, mtoto amevaa nguo ya kulalia."

Na baba alijibu, "Najua, Sista. Mimi ni mtu wa kiwanda cha nguo. Lakini mwache kwanza, misa iishe."

Kumbe Jumamosi ile sokoni alijua mambo mawili: kwamba naenda kusali na nguo ya kitandani, na kwamba nguo za namna ile zinakuja kumlia kazi yake. La kwanza alilicheka mpaka uzeeni. La pili hakuwahi kunitajia.