Alama ya Torleif

Torleif Aasen alikuwa fundi umeme wa kivuko kwa miaka ishirini na sita, na muda wote huo aligombana na mtu mmoja tu kazini: mkewe. Gudny ndiye aliyeuza svele kwenye ukumbi wa abiria, zile chapati nene tamu ambazo watu wa pale hupandia kivuko hata kama hawana safari.

Kila mwezi Torleif alizima umeme, akafungua makabati ya nyaya na kukaza skrubu moja moja. Mtikisiko wa injini huzilegeza. Skrubu ikilegea hupata joto, na joto hilo halina simile.

Julai ile alilifikia kabati la nyuma ya jiko saa sita mchana, foleni ya watalii imefika ngazini.

"Leo huzimi kitu hapa," alisema Gudny, mwiko mkononi.

"Nusu saa tu, mama."

"Nusu saa! Wajerumani hawa si watanikaanga mimi? Njoo kesho, mzee wangu. Haya, shika yako, bado ya moto."

Akala. Kisha akatia alama kwenye fomu kwamba kabati limekaguliwa, maana fomu ilitakiwa ofisini siku ileile. Tusijifanye malaika, nani angemkatalia Gudny?

Asubuhi yake kabati likashika moto. Gudny aliwasukuma wateja nje, akafunga mlango wa jiko ili moshi usiingie ukumbini, akabaki ndani na kizimamoto. Torleif mwenyewe ndiye aliyemfundisha hivyo: kwanza mlango. Abiria wote walitoka salama. Yeye moshi ulimzidi, akafariki.

Kwenye uchunguzi Torleif aliulizwa kwa nini alitia alama. Binti yao, Ingunn, alimnong'oneza, "Sema ukweli, baba. Mama ndiye aliyekuzuia."

"Kalamu niliishika mimi," alijibu, na ndivyo alivyowaambia wachunguzi. Leseni yake ikazuiliwa mwaka mzima.

Aliporudi alipangiwa kivuko kingine. Alipofika jikoni, muuza svele, msichana mgeni kwake, alishika kichwa.

"Jamani mzee, na foleni yote hii! Kesho haiwezekani?"

"Haiwezekani, mwanangu."

Akazima umeme, akapiga magoti mbele ya kabati. Alitafuta skrubu ya kwanza kwa bisibisi, lakini machozi hayakumpa nafasi ya kuiona. Msichana akadhani amemuudhi.

"Basi yaishe, mzee wangu. Shika hii, bado ya moto."

Torleif aliipokea, akakaa nayo mkononi mpaka ikapoa.