Mwisho Niliomsomea Mama

Mmezunguka meza nzima, kila mmoja akisema anasoma kitabu gani siku hizi na amekionaje, sasa zamu imefika kwangu mnanitolea macho. Basi niseme ukweli: nikiulizwa swali hilo huwa natamani kuinuka nijifanye naenda chooni. Si kwamba sisomi, nasoma sana. Ni aibu ya zamani, na nilijitafutia mwenyewe, tena kwa ajili ya mpira ambao hata sikupangwa kucheza.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, kwetu milimani juu ya Mlali, na kila mtu mzima asiyejua kusoma alitakiwa kuhudhuria kisomo alasiri kwenye baraza la shule. Mimi nilikuwa nimemaliza la saba, sina mbele wala nyuma, nikafanywa mwalimu msaidizi (yaani nilibeba chaki na daftari la mahudhurio, ila mwendo niliotembea nao ungedhani ni mkuu wa chuo). Desturi yetu pale ilikuwa kwamba kila Ijumaa anayesoma kitabu anasimama, anaeleza amefika wapi na amekionaje, na wenzake wanabishana naye mpaka jua linazama. Mama yangu alikuwa na kitabu chembamba cha ndugu wawili waliogombea shamba la mama yao, mdogo akasusa akaenda kukata mkonge. Kwetu Waluguru shamba hufuata upande wa mama, na mjomba wangu aliondoka kwa ugomvi wa namna hiyohiyo, akaenda Kilosa, hakurudi wala hakutuma salamu. Kwa hiyo mama alikisoma kitabu kile kama barua iliyoandikiwa yeye, neno moja moja, kidole kikitangulia.

Nakala ilikuwa moja tu, mama akipokezana nayo na jirani yetu Mama Fausta. Ndipo ikatangazwa kwamba Ijumaa hiyo afisa wa kisomo atapanda kutoka mjini, na atakayesimulia kitabu chake toka mwanzo hadi mwisho ataandikwa amehitimu, apewe cheti. Mama alikitaka cheti kile hadi akawa anakitaja kwenye sala ya jioni. Na afisa huyohuyo ndiye aliyekuwa na barua ya kunipendekeza kwenda chuo cha ualimu, imebaki saini yake.

Alhamisi mchana mama alikuwa amebakiza kurasa sita, macho yanamuuma kwa moshi wa jikoni, mbele yake tenga zima la njegere za kuchambua, na kitabu kilitakiwa kifike kwa Mama Fausta siku hiyohiyo ili naye amalizie. Akaniambia, "Boni, nisomee hizo zilizobaki, nitazishika kichwani." Nami nasikia filimbi kule kiwanja cha misheni, timu yetu inapasha moto misuli, na mimi ni mchezaji wa akiba (akiba ya akiba, tuseme ukweli). Nikafungua kitabu, nikakikazia macho kama padri, na badala ya kusoma nikatunga. Nikasema mdogo alirudi mwanzo wa mvua, jembe begani, kaka yake hakumuuliza kitu, akamwonyesha tu pa kuanzia kulima. Nikafunua kurasa mbilimbili, dakika tatu nimemaliza. Nilipoinua macho, mama ameacha njegere, machozi yanamtoka, anasema, "Kumbe mtu anaweza kurudi." Nilipaswa kusema palepale. Nikabeba kitabu, nikakitupia mlangoni kwa Mama Fausta nikipita mbio, na kiwanjani nikakaa nje dakika zote tukifungwa manne.

Ijumaa mama alivaa khanga yake mpya. Tulimwamkia afisa shikamoo kwa pamoja, akaketi, mimi pembeni yake na daftari langu, nimechomeka shati. Mama akasimama akasimulia, na jamani, alisimulia. Alipofika kwenye ule mwisho wangu aliongeza na vitu vyake, umande, harufu ya udongo, kaka akimkatia mdogo kipande cha muhogo, na wazee waliokuwa wanasinzia wakakaa wima. Mimi jasho linanitiririka mgongoni.

Mama Fausta akanyoosha mkono, bila ubaya wowote, maana hakuwa mtu wa fitina. "Mama Boni, mbona mimi jana nimesoma mwisho mwingine?"

Afisa akakichukua kitabu, akakifungua ukurasa wa mwisho, akanipa mimi. Akasema mwalimu msaidizi atusomee kwa sauti. Basi nikasimama mbele ya kijiji kizima nikasoma, kwa mara ya kwanza, kwamba mdogo hakurudi, kwamba alifia hukohuko kwenye mkonge, na shamba likaota magugu. Mama alikuwa ananitazama, na niliona kabisa pale alipoelewa.

Afisa akamuuliza kwa upole mwisho ule mwingine aliutoa wapi. Mama akaiangalia ile barua yangu ya chuo, ikingoja saini juu ya meza, halafu akamwangalia afisa.

"Nimetunga mwenyewe," akasema. "Kitabu sikukisoma."

Watu wakacheka, si sana, kile kicheko cha kuona haya kwa niaba ya mwenzako. Afisa akanigeukia akaniambia niandike kwamba bado hajui kusoma. Nilikuwa na nafasi ya kufungua mdomo, sikuufungua. Nilikitaka chuo. Nikatafuta jina la mama yangu kwenye daftari, nikaandika mbele yake kwa mwandiko wangu mzuri: hajui kusoma.

Hakurudi tena darasani. Niliapa sitamsomea mtu neno ambalo halikuandikwa, na kiapo hicho nimekishika mpaka leo, ila kilichelewa. Barua ya chuo ilipokuja ilikuwa na fomu ya kutiwa saini na mzazi, na baba hatukuwa naye tena. Nikampa mama kalamu. Hakuipokea.

"Tafuta wino wa dole," akasema. "Kwa serikali mimi sijui kusoma. Nikiandika jina watauliza nani alijaza lile daftari."

Nikaenda kuazima kidau cha wino ofisi ya kijiji, nikamshika mkono, nikambonyezea dole gumba kwenye fomu yangu. Alama ilitoka safi, na mwezi uliofuata nikaenda kusomea ualimu.