Paswadi Moja kwa Wateja Wote

Niliwapa wateja wangu wote paswadi moja. Nalisema mapema ili mwenye kucheka acheke, tuendelee. Sisemi paswadi zinazokaribiana. Moja, ile ile, kwa kila aliyekuja kwangu kufunguliwa akaunti yoyote kwa mtandao: anayetafuta leseni ya udereva, anayeomba cheti cha kuzaliwa, anayechagua chuo. Ilikuwa "Nyumbani1". Herufi kubwa kwa sababu mtandao ulidai herufi kubwa, namba kwa sababu ulidai namba. Neno lenyewe lilitoka moyoni, maana mimi ni mtu wa nyumbani kwelikweli. Harusi ya binamu yangu kule Taveta niliihudhuria kwa kutumiwa picha.

Saiba yangu, yaani duka la huduma za mtandao, iko Mwakingali, hapa Voi, katika chumba cha mbele cha nyumba ninayoishi. Kutoka kitandani hadi kazini ni hatua kumi na nne, na kama si uvivu zingekuwa kumi na mbili. Nina kompyuta tatu, printa moja yenye kikohozi, na mwajiriwa mmoja, mama aliyewahi kuwa karani wa shule ya msingi. Ananishinda umri, akili na mwandiko. Huniita bosi, lakini kwa sauti ile unayomwitia mtoto aliyevaa viatu vya baba yake.

Kabla ya Nyumbani1 kila mteja alijichagulia paswadi yake, na baada ya wiki moja alikuwa ameisahau. Basi atakuja kugonga, tena si mlango wa saiba, wa sebuleni, mimi nimeshika kikombe cha chai. Nikaona nitumie elimu yangu ya kidato cha nne. Paswadi ikiwa moja, nani atasahau? Nikawa namwandikia kila mteja karatasi yenye namba yake na paswadi hiyo.

Yule mama alinionya wiki ile ile.

"Bosi, hii ni kama mtaa mzima kufunga milango kwa kufuli za ufunguo mmoja."

"Mama, wezi wa Voi hawajui kompyuta."

"Na sisi je, tunaijua?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Aliendelea kupiga chapa.

Mwaka huo, siku ya mwisho ya kuchagua vyuo, waliteremka mama na binti yake kutoka Wusi, kule milimani. Wiki mbili nyuma tulikuwa tumemjazia binti fomu kwa mtandao, na chaguo la kwanza lilikuwa uuguzi. Alikuwa ameitaka kazi hiyo tangu alipomuuguza nyanya yake hadi mwisho, na alama zake zilitosha, si kwa kupita sana. Sasa walitaka tu wachapiwe karatasi waende nayo. Mtandao ulikuwa unafunga chaguzi saa kumi na moja jioni. Ilikuwa saa nne asubuhi, hatuna haraka, nikawatolea viti.

Printa ikakohoa, karatasi ikatoka. Binti akaisoma, akaisoma tena, akampa mama yake. Chaguo la kwanza: usimamizi wa hoteli.

"Hoteli?" mama akauliza. "Nani amesema hoteli?"

Akamgeukia karani wangu, kwa sababu siku ya kujaza fomu ni yeye aliyebonyeza. "Dada, mtoto wangu alikwambia uuguzi. Nilikuwa nimekaa hapa hapa."

"Na uuguzi ndio niliouandika, mama."

"Sasa hii hoteli imejiandika?"

Karani akaniangalia. Alikuwa akisubiri niseme jambo moja dogo, kwamba akaunti ile ingeweza kufunguliwa na yeyote mwenye karatasi yangu mfukoni akiandika namba ya binti, na wenye karatasi hiyo walikuwa kutoka hapa hadi milimani. Nikakohoa kama printa. Nikasema, "Tutachunguza." Ndivyo wakubwa wanavyosema, nimewasikia redioni.

Karani akarudisha uuguzi, sote tukaona kwa macho yetu. Wageni wakaenda kwa jirani kula chapati na maharagwe, wakisema watarudi saa nane wahakikishe kabla ya kupanda mlima. Walipotoka karani akaniambia, bila kupandisha sauti, "Badilisha paswadi ya huyu mtoto. Sasa hivi."

Ushauri mzuri kabisa. Lakini kuibadilisha kulitaka binti mwenyewe aje achague nyingine, na angeuliza kwa nini, na mimi ningelazimika kueleza. Nikamwambia mambo yametulia, tusiyachokonoe.

Saa nane wakarudi. Tukafungua. Hoteli.

Hapo mama wa Wusi akasimama. Aliongea na binti yake kwa Kidawida, lugha ya kwao, maneno machache, kisha akanigeukia kwa Kiswahili kilichonyooka. "Kaka, huyu unayemweka hapa ni mmoja kati ya mawili, hajui kazi au ana ubaya. Mimi mtoto wangu ana nafasi moja tu. Mtoe kwenye hiyo kompyuta."

Binti alikuwa ameangalia sakafu, machozi yanadondoka kwenye viatu. Karani wangu akaondoa mikono kwenye kibodi, akaiweka mapajani. Hakujitetea. Nilitamani ajitetee, ingenisaidia kuendelea kunyamaza.

Kurudisha uuguzi mara ya tatu kulikuwa rahisi. Shida ni kwamba mtu fulani, mahali fulani, alikuwa anautoa kila tukiuweka, na saa kumi na moja aliyeweka mwisho ndiye angeshinda.

Simu yangu ikalia. Nikaipokea kwa furaha, ningepokea hata ya mtu amekosea namba. Alikuwa mzee mmoja wa Maungu, mwenye hoteli ya kulisha madereva wa malori pale barabarani. Kijana wake alisoma shule moja na binti huyu, na fomu yake pia tulimjazia sisi.

"Bwana saiba, mtandao wenu una wazimu?"

"Kuna nini mzee?"

"Namwekea kijana wangu hoteli, nikirudi naona uuguzi. Naweka hoteli, uuguzi! Mwanangu mimi awe nesi, na hoteli yangu aachiwe nani?"

Nikachukua kalamu.

"Mzee, hebu nisomee namba ya mtihani unayotumia."

Akaisoma kutoka kwenye karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu. Alipofika mwisho akasema nane. Namba ya kijana wake inaishia na tatu. Namba ya binti ndiyo inayoishia na nane. Tatu zangu na nane zangu ni mapacha, walimu walinilalamikia tangu darasa la pili. Mzee alikuwa ametumia namba ya binti, akaandika Nyumbani1, na mlango ukafunguka, kwa sababu nilikuwa nimehakikisha kila mlango utafunguka.

"Na jina hukuliona, mzee?"

"Jina nitalionaje, herufi ndogo hivyo, na miwani iko kwa fundi!"

Nimekuwa nikifikiria dakika ile mara nyingi. Simu ilikuwa sikioni mwangu peke yangu. Mzee hakujua alichofanya. Ningeweza kumwelekeza kwenye namba sahihi polepole, nikakata, nikawageukia wageni na kusema mtandao ulikuwa na hitilafu, sasa umetulia. Wangeondoka wameridhika kiasi, na karani wangu angebaki na doa ambalo mimi peke yangu nilijua si lake. Nilimwona amekaa mikono mapajani. Mwezi huo huo alikuwa amekataa kumpa mtu mwingine nakala ya kitambulisho cha mteja wetu, mtu mwenye maneno matamu, na mimi nilikuwa nimemwambia ana roho ngumu.

Nikabonyeza spika.

"Mzee, rudia hapo mwanzo, kuna watu wanataka kukusikia."

Akarudia, kwa hasira zaidi kwa sababu sasa alikuwa na hadhira. Alipomaliza nikamwambia alikuwa anabadilisha fomu ya mtoto wa mtu mwingine. Akasema, "Aka! Jamani, mniwie radhi. Ni mtoto wa nani?"

"Wa kwangu," mama wa Wusi akajibu simu.

Basi nikasema yote. Paswadi ni moja kwa wateja wote. Aliyeitunga ni mimi. Huyu dada alinikataza, nikamcheka. Asubuhi alisema ukweli na mimi nikanyamaza. Hata mwandiko uliompoteza mzee ni wangu. Sikuwa na hotuba, nilikuwa nahesabu tu makosa, na yalinichukua muda.

Mama wa Wusi alimwendea karani, akamshika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Nisamehe dada." Karani akasema yameisha, kisha akaniambia mimi, "Weka hiyo simu chini, bosi. Geukia ukuta."

Nikageukia ukuta. Nyuma yangu nikasikia binti akiandika paswadi yake mwenyewe, herufi moja moja, bila mtu kuiona. Sijawahi kufurahi namna ile kwa kutojua kitu. Tulingoja hadi saa kumi na moja na nusu, tukachapa tena. Uuguzi. Binti akacheka na kulia kwa pamoja, na mimi nikakalia katoni ya karatasi ikabonyea.

Wiki zilizofuata zilikuwa za kuomba radhi. Karani aliniandikia orodha ya wateja, nikapiga simu mmoja baada ya mwingine: njoo uchague paswadi yako, kosa ni langu. Wako walionitukana. Mmoja aliniomba nimchagulie nyingine, nikakaribia kukubali. Mzee wa Maungu alikuja mwenyewe na miwani, pamoja na kijana wake, ambaye kumbe alikuwa amechagua uhandisi wa umeme, na pale mbele yetu wakabishana hadi mzee akachoka. Usiku nililala kama gunia la mahindi. Sikuwa nimejua kwamba ile siri nilikuwa nailalia.

Wa mwisho kwenye orodha alikuwa jirani yangu, yule muuza chapati, ambaye nilimfungulia akaunti ya kibali cha biashara. Nilimweka mwisho kwa sababu namjua mdomo wake. Nilimwendea pale jikoni kwake, nikaeleza kila kitu kuanzia mwanzo, hata sehemu za aibu. Alinisikiliza hadi mwisho huku anageuza chapati. Kisha akasema:

"Huyo karani wako ndiye aliyestahili kuwa bosi. Wewe tungekupa ufagio, tena ungesimamiwa."