"Mashini Iko Yetu"

Juzi, katika ofisi ya Bwana Administrateri, Mzungu anayetawala wilaya hapa Kasongo, nilisimama nyuma ya mwenyekiti wa koperative ya wakulima wa mpunga. Alikuja kuomba koperative ipewe mashini ya umeme iiendeshe yenyewe, maana taa zinawaka mtaa wa Wazungu tu.

Bwana akapiga meza kwa kiganja. "Hapana! Mashini iko yetu!"

Mwenyekiti akajishika bega. "Bwana, siku ya kubeba nguzo za umeme ulisema hivyohivyo: 'Mubebe, mashini iko yetu.' Tulifikiri na sisi tuko ndani."

Bwana akacheka. Karani wake naye akacheka! Hasira yangu haijapoa mpaka leo. Kumbe "yetu" yao ina mlango: siku ya mzigo unafunguliwa, taa zikiwashwa unafungwa.