Neno Alilobakiwa Nalo Mama Kasiva

Kiharusi kilipompiga Mama Kasiva, kiongozi wa maombi aliyejulikana Voi nzima kwa sauti yake, kilimwachia neno moja tu: bado. Kingemwachia hata "amina", angeshukuru. Zaburi zilimjaa kichwani, lakini kila akifungua mdomo hutoka hilo hilo.

Wageni wa kanisa walimuuliza, "Umekula, mama?" Naye, uji ndio kwanza ameumaliza, akajibu, "Bado." Wakamtazama Wendy, mke wa mwanawe, kwa jicho baya. Kasiva akalia kwa hasira. Neno gani hili la kumwaibisha binti anayemwogesha? Akamwomba Mungu moyoni amnyang'anye na hilo, awe bubu kabisa.

Juzi Wendy alirudi kutoka hospitalini mikono mitupu. Mtoto alizaliwa amekufa. Akaketi sakafuni kando ya kitanda cha mkwewe.

"Mama, usinifiche. Mungu ametuacha?"

Kasiva alitafuta zaburi kichwani, asipate hata moja. Akamshika kwa mkono ule mzima, na kwa mara ya kwanza tangu augue, alilotaka kusema ndilo lililotoka.

"Bado."