Kitanda cha Kaka Yangu

Mwaka ule nilikuwa siwezi kukaa kitako. Vita vilikuwa kaskazini, kaka yangu yuko huko jeshini, hatujui hali yake, na mimi nilitaka jambo moja tu: kwenda Ujerumani kusoma.

Aliyeweza kunipeleka alikuwa bibi wa Kijerumani aliyepanga nyumba Kiyovu, mtaa wa wakubwa kule mlimani. Ujanani, vita vya kwao vilipokwisha, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuanzisha mpango wa kubadilishana wanafunzi na nchi zilizokuwa maadui. Alipita mlango kwa mlango akiwaomba akina mama waliofiwa na wana wao wawapokee vijana wa upande uliowaua. Sharti lake halikubadilika mpaka uzeeni: nyumba inayotoa mtoto nayo ipokee mtoto, na impe kitanda chake peke yake.

Kwetu mtaa wa Biryogo, chumba na sebule, kitanda cha ziada tungekitoa wapi? Asubuhi ya siku aliyokuja kutukagua, mama akiwa sokoni, nilikusanya nguo za kaka kitandani kwake, nikazisokomeza kwenye gunia, nikatandika shuka mpya. Sikuona aibu hata kidogo. Nilikuwa na haraka.

Bibi alipofika mama amekwisha rudi. Alikibonyeza kile kitanda, akauliza kwa Kifaransa ni cha nani. Nikajibu ni cha mgeni. Mama hakujua Kifaransa, lakini macho alikuwa nayo.

"Mwambie hii kitanda iko na mwenyewe," akasema. "Mgeni karibu sana, tutakula pamoja. Lakini nikimulaza hapa, ni kama nimesema mtoto wangu harudi tena. Mwambie yote, usipunguze."

Ilibidi nitafsiri mimi, huku natamani kumziba mdomo. Bibi aliondoa mkono kitandani. Kisha akasema hajawahi kuchukua kitanda ambacho mama hajakitoa kwa kauli yake, na hataanza leo. Nafasi yangu ataishikilia. Tungojee habari za kaka.

Tungojee! Nilikonda kwa kungoja. Kila nikitoka shule napanda Kiyovu kuuliza kama nafasi bado ipo, naambiwa ipo. Nashuka, nazunguka uani, mama ananiita kutoka sebuleni kwenye cherehani yake nikae nitulie, nakaa, nainuka tena. Redio ikitaja mapigano, naacha sahani nasogea kusikiliza. Mwanzoni niliomba kaka arudi. Baadaye nikaomba zije habari tu, zozote zile, na nilijua vizuri ninaomba nini.

Alasiri moja mwanajeshi alibisha hodi. Nilimpita mama mbio nikafungua mimi, na kabla hajatamka neno nimeshamkaribisha kwa mikono miwili. Alikuwa ameshika suruali iliyopasuka goti. Ameambiwa hapa pana fundi mzuri.

Nikageuka. Mama alikuwa amesimama, ameshikilia meza. Wala hakuwa anamtazama mwanajeshi. Alikuwa ananitazama mimi usoni, na ile furaha ilikuwa bado haijanitoka.